Nice si kikomo jamani

Kila baada ya siku chache kijana mmoja wapo anapita dukani kwangu hapa Langoni, Lamu, kulalamika kompyuta yake imekuwa nzito, nikimuuliza umefanyaje ananiambia nimeiweka ile programu kwenye nice 19, yaani ile amri ya Linux ya kuipunguzia programu kipaumbele, lakini bado inakula prosesa yote. Itakula yote ndio, nice haijawahi kuwa kikomo, na mimi naona tunapotezeana muda kwa kuwafundisha watu nice peke yake halafu tunawaacha hapo.

Chukulia kisima. Wewe ni mtu wa adabu, umekuja na madumu yako, akitokea mwenzako unampisha achote kwanza. Hio ndio nice, namba zake zinaanzia -20 mpaka 19 na ukiwa 19 basi wewe unampisha kila mtu. Lakini usiku kisimani hakuna mtu, utachota madumu arubaini na hakuna wa kukuzuia. Kikomo ni kitu kingine kabisa, kikomo ni kuambiwa madumu mawili kila zamu, awepo mtu asiwepo.

Na kwetu huku shida si kugombania tu, shida ni joto. Duka langu ni chumba kimoja cha chini kwenye nyumba ya zamani, kuta nene za mawe, dirisha moja tu na linatazama kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mwezi wa tatu kaskazi ikishakufa na kusi haijaingia feni inazungusha joto lile lile. Mwaka jana wakati kama huo nilikuwa narenda, yaani natoa faili la mwisho la video ya harusi ya masaa matatu, ffmpeg, programu ya kuchakata video, imeshika koa zote nne, yaani vile vichwa vya prosesa vinavyofanya kazi kwa pamoja, mashine inavuma kama boti inayotaka kutoka jeti, nikaweka kiganja juu ya kasha nikakiondoa mara moja. Haikufika dakika kumi ikajizima yenyewe, faili likabaki nusu halifunguki. Asubuhi mamake bibi harusi amesimama mlangoni na buibui lake ananiuliza polepole, mwanangu, bado? Sikuwa na la kumwambia. Na nice ilikuwa 19 tangu mwanzo, saa saba za usiku hakuna programu nyingine ya kuipisha!

Sasa hivi natumia kikomo chenyewe. Kwenye Linux yenye systemd, ile programu inayoanzisha na kusimamia nyengine, unaandika systemd-run --scope -p CPUQuota=200% halafu amri yako ya ffmpeg inafuata, itakuuliza paswadi, basi. Asilimia zinahesabiwa kwa koa moja, kwahivyo mashine ya koa nne jumla yake ni 400%, ukiweka 200% umeipa nusu. Kinachofanyika ndani ni kwamba kernel, moyo wa Linux, inagawa muda vipande vya milisekunde 100, programu ikishamaliza fungu lake inasimamishwa mpaka kipande kinachofuata. Kazi hio inafanywa na cgroups, mafungu ya programu yanayowekewa mipaka na kernel, ambazo zimo kwenye Linux tangu 2008, si kitu cha jana.

Kama programu ishaanza na hutaki kuiua kuna cpulimit, unaipa namba ya prosesi (namba ambayo Linux inaipa kila programu inayokwenda) na asilimia, yenyewe inaisimamisha na kuiachia, inaisimamisha na kuiachia, kwa signali za SIGSTOP na SIGCONT. Inafanya kazi lakini ni ya kienyeji kidogo, mimi naitumia nikibanwa tu.

Mnachotakiwa kuwa nacho makini ni ulimit -t. Nimeona watu wanaipendekeza kana kwamba inapunguza kasi na haipunguzi chochote, inahesabu sekunde za prosesa ambazo programu imekula na zikifika idadi uliyoandika inaiua. Halafu hizo si sekunde za saa ya ukutani, koa nne zikifanya kazi kwa pamoja dakika moja ya ukutani inahesabiwa dakika nne, kwahivyo video yako itakatwa mapema kuliko ulivyodhani. Ni nzuri kwa programu unayohofia itazunguka bila mwisho, kwa video hapana.

Najua kuna watakaosema nimelipia koa nne kwanini nitumie mbili. Nawaelewa, video iliyokuwa inachukua saa moja sasa inakaribia mbili. Lakini prosesa ikipata moto sana inajipunguza kasi yenyewe, hizo koa nne huzipati kamili kwenye chumba kama changu hata ukitaka. Na kuna wateja, tarehe 30 Juni watu wamejaa mpaka barazani wanajaza ritani zao za kodi, huwezi kumwambia mzee aliyekuja kwa mashua kutoka Pate asubiri kwa sababu ya harusi ya mtu.

Leo kuna nyingine inarenda nyuma hapa ninavyoandika, 200%, kasha nimeligusa sasa hivi ni vuguvugu, nimewaambia waje baada ya Isha.