Mjomba, Bunduki Namba 12 na Ganda la Moto

Nchini Uingereza mtu hawezi kununua bunduki ya marisau, ile inayotema punje nyingi ndogo kwa mpigo mmoja, kabla polisi hawajamruhusu, na ruhusa hiyo haipatikani kwa salamu tu. Nilijaza fomu, daktari wangu akaulizwa habari za afya yangu, kisha afisa akaja nyumbani kukagua kabati la chuma ambalo nilikuwa nimelifunga ukutani kwa boliti. Aliponiuliza ni nani mwingine anayejua funguo zinapokaa, nilimjibu kwamba hakuna, na mke wangu, ambaye anajua hata namba ya siri ya kadi yangu ya benki, aliitikia kwa kichwa kwa sura ya mtu aliyedhulumiwa. Cheti kilikuja baadaye, cha miaka 5, nami nikadhani kwamba sehemu ngumu imekwisha. Kumbe Mjomba alikuwa ameshapata habari.

Mimi ni fundi wa mashine za kilimo katika kaunti ya Lincolnshire, na wakulima ninaowatengenezea matrekta wana desturi ya kunialika kwenye michezo yao ya kulenga. Wakati wa kiangazi hulenga visahani vinavyorushwa hewani kwa mtambo, na kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 1 Februari huwinda fezanti, yule ndege mwenye mkia mrefu ambaye huruka kwa kelele nyingi kana kwamba amekumbuka deni. Nilitaka bunduki moja itakayofaa kwa kazi zote mbili, na hapo ndipo penye tabu, maana matakwa ya kazi hizo hayafanani. Mlenga visahani hufyatua risasi nyingi kwa siku moja, kwa hiyo hupendelea bunduki nzito, ya kilo 3 na nusu au zaidi, ili uzito umeze kishindo kabla hakijafika begani. Mwindaji naye huibeba bunduki mashambani toka asubuhi na huenda akafyatua mara chache tu, kwa hiyo kila gramu anayopunguziwa humfurahisha.

Mjomba ni mzaliwa wa Mombasa aliyeuza vitambaa mjini Leicester mpaka alipostaafu. Hajawahi kufyatua bunduki hata siku moja, lakini hajawahi pia kukiri kwamba kuna bidhaa asiyoijua. Alinipigia simu akasema, “Mwanangu, dukani usiende peke yako. Wazungu wakikuona kijana watakuuzia gome la mti.” Kijana mwenyewe nina mvi, lakini mjomba ni mjomba, nikamwambia karibu.

Alifika akiwa amevaa koti zito la sufu na kofia yake ya bulibuli, akaitikia shikamoo yangu, kisha akaingia dukani mbele yangu kama mwenye mali. Macho yake yalienda moja kwa moja kwenye bunduki ya zamani yenye mitutu miwili iliyolala sambamba, kazi ya mafundi wa London, kitako chake kikiwa cha mti wa jozi unaong’aa. Alisema kwamba hiyo ndiyo bunduki ya heshima, maana ndiyo iliyokuwa kwenye picha za mabwana shauri enzi za ukoloni. Muuzaji akamgeuzia kibandiko cha bei. Mjomba alivaa miwani, akasoma, akaisafisha miwani, akasoma tena, na toka hapo hatukusikia tena habari za mitutu iliyolala sambamba.

Muuzaji, mtu mpole na mvumilivu, alipendekeza bunduki ya mitutu iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa macho humpitia mlengaji juu ya mtutu mmoja tu na shabaha huwa rahisi kuipata. Urefu wa mitutu uwe inchi 30, yaani sentimita 76, na midomo yake iwe ya kubadilishwa: ukitaka marisau yatawanyike mapema kwa kisahani kilicho karibu, unafunga mdomo ulio wazi, ukitaka yaende yameshikana kwa ndege aliye juu, unafunga uliobana. Kipenyo kiwe namba 12.

“Namba ngapi nyingine mnazo?” Mjomba akauliza.

Muuzaji akasema wanazo pia namba 20 na namba 28.

Mjomba alinivuta kando, akanena kwa Kiswahili na kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini: “Umeona? Wanataka kukupa kumi na mbili na ishirini wanazo. Bei zinakaribiana. Chukua ishirini.”

Nilijitahidi kumweleza kwamba hesabu hii huenda kinyumenyume. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, ukaiyeyusha na kuigawa katika vigololi 12 vilivyo sawa, kigololi kimoja kitaenea barabara katika mtutu wa namba 12, ambao ni kama milimita 18 na nusu. Ukiigawa katika vigololi 20, kila kimoja kitakuwa kidogo zaidi, na mtutu wake vilevile. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu hupungua. Mjomba alinisikiliza kwa huruma ile anayompa mteja aliyepimiwa kitambaa kwa futi iliyokatwa. Bahati mbaya muuzaji, kwa nia njema, akaongeza kwamba kuna nyingine ndogo kabisa, ambayo vijana wengi hujifunzia, nayo huitwa mia nne na kumi.

“Mia nne na kumi!” Mjomba akashika kidevu. “Hiyo wanawapa watoto, na wewe mtu mzima wanakupa kumi na mbili.”

Ilibidi tueleze upya kwamba ile haihesabiwi kwa vigololi, bali ni kipenyo cha mtutu kwa sehemu za inchi, kisichozidi milimita 10 na kitu, na kwamba Waingereza walioacha kanuni moja katikati ya safari na kuendelea na nyingine hawakutuuliza sisi. Mjomba alikubali namba 12, ila alidai apunguziwe bei kwa sababu ya upungufu wa namba. Muuzaji akatoa paundi kadhaa. Mpaka leo Mjomba anaamini kwamba hoja ile ndiyo iliyoshinda, nami sina ushahidi wa kumpinga.

Kisha nikapimwa. Bunduki hii huelekezwa kwa mwili mzima kuliko kulengwa kwa utulivu kama bunduki ya risasi moja, kwa hiyo kitako kikiwa kirefu hukwama kwapani, kikiwa kifupi kidole gumba hukupiga pua. Muuzaji alihakikisha kwamba haina risasi, akaniambia niinue na kuipachika shavuni macho yakiwa yamefumbwa, kisha niyafumbue, tuone kama jicho langu limekaa sawasawa juu ya mtutu. Lilikaa. Alikuwa pia na swali la mwisho: je, napenda bunduki inayoyarusha nje maganda ya risasi zilizotumika pindi ninapoivunja, yaani kuikunja katikati ili mitutu ifunguke, au ile inayoyainua kidogo tu ili niyatoe kwa vidole? Sikupata nafasi ya kufungua kinywa.

“Inayorusha,” Mjomba akasema. “Mpwa wangu ataokotaje maganda ya moto kwa vidole, kama mpishi?”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda shambani kwa mkulima mmoja ambaye huweka mtambo mdogo wa kurushia visahani nyuma ya marobota ya majani makavu. Sheria ya pale ni kwamba watazamaji husimama nyuma ya mlengaji, nayo ni sheria nzuri. Mjomba aliitii kwa bidii kupita kiasi: alisimama nyuma ya bega langu la kulia, karibu kiasi cha mimi kusikia pumzi zake, ili ushauri usichelewe kufika. Nyuma yake lilikuwa katoni la visahani, limefunguliwa tayari kwa kujazia mtambo. Visahani hivyo, vya rangi ya machungwa na kipenyo cha milimita 110, hutengenezwa kwa mseto wa lami na unga wa chokaa. Toka Mmarekani George Ligowsky alipobuni namna yake ya kwanza mwaka 1880, siri yao imekuwa ileile: vistahimili kurushwa kwa nguvu, lakini vipasuke vikiguswa na marisau machache. Uzito wa mfanyabiashara mstaafu haukuwamo katika hesabu hizo.

Niliita, visahani viwili vikaruka, nikafyatua mara mbili. Cha kwanza kikawa vumbi na cha pili kikaendelea na safari yake. Nikaivunja bunduki, nayo ikafanya kile hasa tulichokilipia. Ganda moja lilipita juu ya bega langu likaigonga kofia ya bulibuli. Mjomba aliinama mbele kuona kilichomgonga ni nini, kola ya koti ikaachana na shingo, na ganda la pili, likitanguliza kitako chake cha shaba, likatumbukia humo.

Mombasa nimehudhuria harusi nyingi, na nimeona chakacha ya watu wanaoijua, lakini sikuwahi kuona kiuno cha mzee kikizunguka vile bila ngoma. “Linashuka! Linashuka!” alipiga kelele, akijipapasa mgongo kwa mikono yote miwili, huku mkulima, ambaye hakujua Kiswahili, akiuliza kwa heshima kama hiyo ni sala. Nilipomaliza kuiweka bunduki juu ya kiegemeo chake, Mjomba alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, akakutana na katoni, akaketi ndani yake kwa uzito wake wote.

Mlio wake ulikuwa mrefu na wa namna nyingi.

Ganda lilitokea mwishoni kwa mguu wa suruali, na sijui lilipitia wapi. Mgongoni palibaki alama nyekundu ndogo, ambayo mkulima aliipaka mafuta akisema kwamba ngozi haikuchubuka. Jioni, matokeo yaliposomwa, alitangaza kwa uso mkavu kabisa kwamba mgeni kutoka Leicester ndiye aliyevunja visahani vingi kuliko wote, tena bila kutumia risasi. Watu walipiga makofi. Mjomba alisimama, akapokea makofi hayo, kisha akamfuata mkulima kando kuzungumzia malipo ya katoni. Msimamo wake ulikuwa kwamba kisahani ambacho hakijaruka hakiwezi kutozwa bei ya kisahani kilichoruka, na kwamba kwa kuwa vipande vyote vimebaki ndani ya katoni, mwenye shamba amepunguziwa pia kazi ya kufagia. Nilipokwisha kuisafisha bunduki na kuifungia ndani ya mfuko wake walikuwa bado wanavutana, na mkulima alikuwa ameshateremka hadi nusu bei.