Kadi niishike kwanza, hela baadaye

Mkusanyaji wa kadi za Pokémon (kadi za mchezo zenye vibonzo vya Kijapani) hapa Arusha ana njia mbili: awasake wenzake wachache waliopo mjini, au aagize nje akasubiri bahasha Posta. Mimi ni wa kushika kwanza, hata kama bei ya mtandaoni ni ndogo.

Thamani ya kadi ya zamani iko kwenye hali yake. Kona ikichakaa au ukingo wa nyuma ukianza weupe, bei inaporomoka, na kasoro hizo ndizo picha ya simu inazozificha. PSA, kampuni ya Marekani inayopima hali ya kadi na kuzifunga kwenye kasha la plastiki, huzipa alama 1 hadi 10, na tofauti ya 9 na 10 inaweza kuwa pesa nyingi sana. Halafu mtu usiyemjua anakuandikia tu "iko vizuri sana". Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukikaa na chalii mwenye kadi kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa, unaomba ruhusa, unaitoa kwenye plastiki, unaiinamisha dirishani uone mikwaruzo. Kisha tochi ya simu. Kadi halisi ina tabaka jeusi katikati, mwanga unapenya kwa shida. Feki nyingi zinapitisha mwanga waziwazi. Unailinganisha na kadi yako ya bei ya chini, hasa bluu ya mgongoni. Hela ikipungua, unaongezea kadi yako moja, mnamalizana. (Zile pakiti za kadi za rangi ya dhahabu tupu kwenye meza za midoli ni feki, hazihitaji hata tochi. Mnunulie mtoto achezee.)

Ila kadi ya zamani inayosakwa sana, kama ya joka Charizard ya 1999, ile iliyoandikwa namba 4/102, huipati mgahawani. Hapo nakubali kuagiza, lakini iwe imefungwa kwenye kasha la PSA, na namba ya kasha niihakiki kwenye tovuti yao kabla ya kulipa. Hata hivyo piga hesabu yote: VAT ya asilimia 18 inagusa mpaka gharama ya usafirishaji. Kwa kadi ya bei ndogo, nauli peke yake inaweza kuizidi kadi.

Na kama ni kadi isiyo na kasha, mwambie muuzaji aibane kati ya vipande viwili vya boksi gumu. Masanduku yetu ya posta ni membamba, na bahasha laini ikisukumwa humo inakunjika.