Kabla ya Kutaja Wang Hing, Soma Alama ya Pili

Kwenye minada ya vyombo vya kale vya fedha hapa London kuna jambo hunikera kila mara. Mtu anashika birika la chai lililofuliwa Uchina, analigeuza, anasoma "WH 90", anasema "Wang Hing!", na habari inaishia hapo. Pembeni kuna alama ndogo ya Kichina, na hakuna anayeiuliza.

Wang Hing lilikuwa duka, tena kubwa, la Canton (leo Guangzhou, kusini mwa Uchina) na Hong Kong. Hiyo 90 ni kiwango cha fedha: sehemu 90 katika 100. Lakini joka lililojiviringisha ubavuni mwa birika, magamba yake yanahesabika kwa kidole, halikufuliwa na muuza duka. Ni kazi ya sonara karakanani, na mara nyingi alama ile ya Kichina ndiyo ya karakana yake. Karakana moja iliweza kufulia maduka kadhaa. Ukikusanya kwa jina la duka tu, fundi umemwacha nje.

Vyombo vya mwisho wa karne ya 18 vina fumbo lake. Hadi 1842 wafanyabiashara wa Magharibi waliokuja kwa meli walibanwa Canton. Masonara wa pale walinakili vijiko na vikombe vya Kiingereza pamoja na chapa zake: simba anayetembea, kichwa cha mfalme. Fedha yenyewe mara nyingi ilikuwa riale za Kihispania, zilizolipwa kununulia chai na hariri, kisha zikayeyushwa. Kwa sababu ya chapa hizo za kuiga, vingi vilidhaniwa ni vya Uingereza kwa miaka mingi. Leo kazi nzuri za Canton ziko Peabody Essex Museum, mjini Salem, Marekani. Ni Salem ileile ambayo meli zake zilikuwa zikileta merikani, kitambaa cha pamba, Unguja.

Mimi nina kikombe chenye mkono wa umbo la mwanzi. Kwa kuwa kimebonyea, nilikipata kwa bei ya uzani. Muuzaji alinishauri kinyooshwe na king'arishwe kwa mashine. Nilikataa, nanyi nawasihi mkatae: mashine hula nakshi na kufuta alama. Tumeshapoteza vya kutosha 1980, bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia na vyombo vya kale vikaingia tanuruni.

Alama ya kikombe changu nimeichora daftarini. Mpaka sasa nimeikuta tena mara mbili, kwenye vyombo vya maduka mawili tofauti.