Tumbo Limekatwa, Koo Je?

Anayekoroma, akanyamaza sekunde kumi au zaidi, kisha akashtuka akihema, koo lake limejifunga. Mafuta ya ulimi na shingo hulibana. Ya tumboni huyabana mapafu kutoka chini. Pumzi ikikatika au kufifia mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini ni mkali. Mashine ya CPAP hulifungua koo kwa shinikizo la hewa, lakini kwa saa zile tu inapovaliwa. Upasuaji wa kupunguza uzito unagusa chanzo, na hapo ndipo unapovutia.

Hoja hiyo ina nguvu, ila ina mpaka. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2012 ulifuatilia wagonjwa 60 kwa miaka miwili. Waliofungwa kwa upasuaji mkanda kuzunguka mfuko wa chakula walipungua wastani wa kilo 27.8; waliotumia njia za kawaida, kilo 5.1. Kukatika kwa pumzi kulipungua mara 25.5 kwa saa dhidi ya 14, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Siku hizi wengi hukatwa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, au hupitishiwa chakula njia ya mkato hadi utumbo mwembamba, na uzito hushuka zaidi. Taya fupi, ambalo nalo hulibana koo, hata hivyo, halikondi. Kukata kimeo nako, kwa mtu mnene sana, mara nyingi huwa kazi bure: koo lake hujifunga sehemu kadhaa.

Mwenye kaboni dioksaidi ya damu inayozidi 45 mmHg (kipimo cha shinikizo) akiwa macho ana sababu nzito zaidi ya kupasuliwa. Huyu huhitaji kupunguza robo ya uzito au zaidi, kiwango ambacho lishe pekee hukifikia kwa nadra. Bahati mbaya, ndiye pia anayetishwa zaidi na nusukaputi.

Basi atumie mashine wiki kadhaa kabla, aende nayo hospitali, alazwe kichwa kikiwa juu, na dawa za jamii ya mofini zibanwe. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika baada ya upasuaji, mshono unaovuja ushukiwe kwanza. Vitamini B12 na madini ya chuma ni vya maisha, hasa kwa njia ya mkato.

Kosa kubwa huja baadaye: kukoroma kunaisha, mashine inawekwa kabatini. Koo linaweza kuendelea kujifunga kimyakimya. Uzito ukishatulia, kipimo cha usingizi kirudiwe. Shinikizo la zamani la mashine likiwa kubwa mno, lishushwe. Asiye tayari kupimwa tena, kwa maoni yetu, asiharakishwe kwenye kisu.