Shangazi hastahili ua la kusambaziwa

Jumapili shangazi yangu alitimiza miaka 70, na kufika saa tatu asubuhi kundi la familia la WhatsApp lilikuwa limejaa mawaridi. Yanayometameta, yenye umande, yenye mishumaa. Karibu yote yana ule mshale wa kusambazwa mara nyingi. Moja lilikuja na jina la mama mwingine kabisa! Shangazi akajibu, "Ahsanteni wanangu." Iliniuma. Huyu ndiye aliyetushonea sare za shule kwa cherehani yake, mmoja mmoja, kwa vipimo vyetu.

Mimi nilimpelekea kadi. Nilikunja manila nyeupe, maua nikayagonga kwa bamia. Ikate bamia kwa upana, upande wa kikonyo: unapata ua la petali tano, kila chumba cha mbegu na petali yake. Na ni haki yake kuwa ua, maana bamia na choya, ile rozela ya maua, ni ukoo mmoja. Tatizo ni ute. Usipoufuta na kuiacha bamia ikauke kidogo, wino unateleza, unabaki na doa. Majani nilichonga kwa wembe kwenye kifutio cha penseli. Pedi za wino, nyekundu na kijani, nilinunua kwa fundi mihuri.

Hapa ndipo raha ilipo. Ukishagonga ua la kwanza, usirudishe bamia kwenye pedi. Gonga tena pembeni. La pili linatoka limefifia, na jicho linaliona liko nyuma ya lile la kwanza. Rangi moja tu, lakini shada zima linajaa. Jina lake nililichonga pia, herufi kinyume, na ilinichukua jioni nzima. Jioni hiyo nzima nilikuwa namuwaza yeye. Picha ya kusambaza haikudai hata dakika ya kumkumbuka.

Kadi za dukani? Nzuri, ila maneno yake yameandikwa na mtu asiyemjua.

Haya, ndugu walioko Muscat kadi isingewahi, nakubali. Lakini hata ujumbe wa sauti unaomtaja jina umeshindikana? Na sisi tulio daladala moja tu kutoka kwake?

Shangazi alipitisha kidole juu ya petali. "Hii si bamia hii?" Akacheka, akasogeza nyuzi, akaiegemeza kadi kwenye cherehani.