Moyo Ulioduwaa: Tuusukume kwa Dawa au Tuungoje?

Msuli wa moyo ukikosa damu kwa muda kisha mshipa ukafunguka, hauamki papo hapo. Seli ziko hai, ila zinabana kinyonge kwa saa, siku, hata wiki. Huu ndio moyo ulioduwaa; madaktari Braunwald na Kloner wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1982. Wapo pia kina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi sita. Mgonjwa wa namna hii akiletwa Mbeya kutoka Makete, presha imeshuka na mkojo hautoki, je, awekewe dripu ya kuupa moyo nguvu?

Wanaosema awekewe wana hoja nzito. Moyo utapona, sawa, lakini figo na ubongo havina subira hiyo. Dobutamini, dawa ya dripu inayoufanya moyo ubane kwa nguvu zaidi, huanza kazi ndani ya dakika chache, na ukiizima huisha mwilini haraka vilevile.

Wanaopinga wanaushika ukweli uleule: kama utapona wenyewe, kwa nini uusumbue? Dobutamini huongeza ndani ya seli kalisiamu, madini yanayoufanya msuli ubane; moyo unabana zaidi na kudai oksijeni zaidi, kama maksai anayechapwa fimbo baada ya kulima kutwa. Mapigo yanaweza kuvurugika. Hutajwa pia utafiti wa PROMISE wa mwaka 1991, ambapo vidonge vya milrinoni, dawa nyingine ya kuupa moyo nguvu, viliongeza vifo kwa asilimia 28. Naona unatumiwa vibaya: wale walikuwa wagonjwa wa moyo wa muda mrefu, wakimeza vidonge kwa miezi, hawakuwa watu wa dripu ya siku mbili. Kinachonitia shaka zaidi ni onyo la watafiti wa Ujerumani, mwaka 2017, kwamba dawa za jamii ya dobutamini huenda zikaudhuru moyo wa mama aliyetoka kujifungua. Kwake ningesita.

Ipo pia dripu nyingine, levosimendani, ambayo huufanya msuli uitumie vizuri kalisiamu iliyopo. Inavutia, lakini ni ghali, hushusha presha, na katika utafiti wa SURVIVE wa mwaka 2007 haikupunguza vifo kuliko dobutamini hadi siku ya 180. Sioni sababu ya Nyanda za Juu Kusini kuililia.

Kwangu, dripu ni ya mgonjwa ambaye viungo vyake vinakosa damu, kwa dozi ndogo, na kwa muda mfupi. Mwenye presha nzuri aachwe, hata kama ultrasaundi inaonyesha moyo mnyonge. Na palipo na muuguzi anayehesabu matone kwa macho, dawa hii ni hatari tupu, sembuse ndani ya gari la wagonjwa linaloteremka mlima Kitonga, katika safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam. Fedha zikipatikana, hospitali za wilaya zinunuliwe kwanza pampu za dripu na mashine za kufuatilia mapigo; dobutamini ifuate nyuma yake.