Mvuvi wa kwetu anajua mengi, mbona halipwi?

Msimu wa trauti wa asili, samaki wa mito ya maji baridi, huku Wales hufunguliwa tarehe 3 Machi, na juzi nilikwenda mto Usk na mwongozaji. Pesa alizochukua kwa siku moja, kuna mvuvi wa Likoni hazipati mwezi mzima. Na samaki tuliowanasa tuliwarudisha mtoni. Nimelipa, nimeridhika, na uchungu umenishika.

Maana nilichonunua kwake ni maarifa matupu. Aliinama akafunua jiwe chini ya maji, akanionyesha vijidudu vilivyong'ang'ania upande wa chini. Hivi, akasema, vitapanda juu karibu na adhuhuri maji yakipata joto kidogo. Kabla ya hapo trauti amelala chini, hana habari na kinachoelea. Akatoa ndoana iliyofungwa nyuzi na manyoya ifanane na kijidudu kile kile. Adhuhuri kweli, midomo ya samaki ikaanza kuchomoza. Kijana anaujua mto wake, nami namheshimu.

Sasa niambieni, amemzidi nini mzee anayevua mshipi pale mkondo wa Tudor? Mzee yule anajua bamvua na maji mafu bila kutazama kalenda. Anajua kaskazi ikilegea, samaki huhamia wapi. Mshipi ameupitisha juu ya kidole cha shahada, na kwa mtikisiko tu atakwambia huyu ni changu anadokoa au ni chewa anameza. Akifika nchi kavu, tajiri aliyemkopesha vifaa anampimia kwa kilo, kwa bei aitakayo tajiri. Na mwanawe anaambiwa asome kwa bidii asije akawa mvuvi kama babake!

Najua mtakayosema. "Ameenda Ulaya, amejifanya mzungu, anachezea samaki watu wakiwa na njaa." Jamani, mimi nimelelewa kwa samaki wa mama karanga, wale wanaokaanga na kuuza, tena wa kukopa. Sisemi mzee arudishe changu baharini. Kuna watoto wanamngoja. Wala huku si peponi: bila leseni hutupi ndoana, na kipande kizuri cha mto kina mwenyewe, ukitaka kukanyaga umlipe. Kwetu mtoto wa maskini hushuka pwani na mshipi wake bila kumuomba mtu ruhusa, na hilo najivunia popote nilipo.

Wengine mtasema trauti ni mambo ya wazungu. Sawa, Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, ndiye aliyewaleta mto Gura, kule Aberdare, mwaka 1905. Lakini mimi sizungumzii samaki, nazungumzia anayejua samaki alipo. Mgeni akija Mombasa kuvua, pesa huenda kwa wakala na mwenye boti; yule aliyewaelekeza mwambani huambulia bakshishi, tena akishukuru. Hapo ndipo ninapochoka na sisi wenyewe. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe zetu, bei ya nguru mnaijua, ya pweza mnaijua. Bei ya siku nzima ya nahodha mwenye ujuzi ni ngapi? Kaeni muipange, mgeni aikute.

Mimi nikija Disemba nitamlipa mzee bei ile ile niliyolipa huku, hata tukirudi na mtumbwi mtupu. Anayeona ni kujigamba, na aone.